Picha ya bahari ya Napoli isiyo na saini: ni mkono wa nani huu? Wajuvi wa michoro njooni

#1 Dada wa Vomero
Wakuu habari. Nina picha ya rangi ya mafuta, haina saini mbele wala nyuma, nataka kujua ni ya nani, au angalau ya kundi gani. Niko Napoli, nilikuwa namhudumia bibi mmoja mzee. Alipofariki wanawe wakagawana vitu vya nyumba, hii ikakosa mwenyewe, wakanipa mimi.

Kimo sentimita 24, mapana 38. Bahari imetulia. Kwa mbali kuna mlima wa vilele viwili, kimoja kinatoa moshi. Ufukweni mashua mbili zimepandishwa nchi kavu, moja nyingine iko majini na tanga la pembe tatu. Watu watatu wadogo sana, mmoja ameinamia nyavu. Mbingu imekula zaidi ya nusu ya picha. Hakuna mtakatifu, hakuna mfalme, hata yale machweo mekundu ya kwenye kalenda hakuna.

Mwalimu wa kuchora anayekaa ghorofa ya chini kaitazama mara moja, kasema "Posillipo", kapanda zake ngazi. Muuza vitu vya kale wa mtaani kasema ni takataka za watalii, halafu kanipa bei ya euro 80. Yupi mkweli? Na mtu anachoraje vizuri hivi halafu asiandike jina lake? Picha tatu nimeziweka hapo chini.

#2 KIROBOTO
Mtu anayekwambia ni takataka huku mkono uko mfukoni anatafuta hela, huyo kashaona kitu. Nimekaa mbele kabisa, msinizibe.

#3 Kalamu Nyekundu
Mwalimu wako yuko sawa. Posillipo ni kilima cha magharibi ya Napoli kinachoingia baharini. Alikuwepo Mholanzi mmoja, Anton Sminck van Pitloo, mzaliwa wa Arnhem, akafika Napoli mwaka 1815. Huyu ndiye aliyewatoa vijana darasani, walikokuwa wakinakili kazi za mabwana wa kale, akawaketisha mbele ya bahari yenyewe wachore wanachokiona. Tangu 1824 akawa anafundisha mandhari kwenye chuo cha sanaa cha pale. Kipindupindu kikamchukua 1837.

Baada yake mkubwa wao ni Giacinto Gigante (1806–1876), halafu kina Carelli, Vianelli, Duclère, Smargiassi. Wakaitwa Shule ya Posillipo, na mwanzoni lilikuwa tusi: wakubwa wa chuo waliwaona ni watu wa kuchuuzia wageni picha ndogo ndogo. Na kweli wageni walinunua, ndiyo maana nyingi zina ukubwa huu wako, unatia kwenye sanduku la safari na nguo zako. Mimi naiweka kwa mtu wa karibu na Consalvo Carelli, miaka ya 1840.

#4 Mzaramo wa Palermo
Kila kitu Napoli! Huku kusini zaidi hamkuoni? Nimekaa Sicilia miaka mingi, mwanga wa hiyo bahari naujua. Francesco Lojacono wa Palermo (1838–1915) walimwita mwizi wa jua, nenda kamtazame kwenye jumba la sanaa za kisasa la Palermo, utatoka macho yanauma. Antonino Leto naye, wa Monreale, kachora mpaka wavuvi wa jodari kule Favignana. Picha ya dada ina vumbi la jua lile lile. Na huo mlima mimi nauona ni Monte Pellegrino, mlima wetu wa Palermo.

#5 Ninja wa Likoni
@Mzaramo wa Palermo Monte Pellegrino umeanza kutoa moshi lini?

#6 Mzaramo wa Palermo
Hilo ni wingu. Kuza picha ya pili.

#7 Ninja wa Likoni
Nimekuza. Wingu limetokea kileleni, limepanda wima, halafu limejikunja. Hata nyama choma yangu hutoa wingu la namna hiyo.

#8 Mangi wa Mnadani
Nyie mnazunguka. Napoli na uchoraji wa uhalisia maana yake ni Caravaggio. Si ndiye Mnapoli aliyekuwa anachora watu wa mtaani miguu michafu? Dada, funga mlango, usimfungulie mtu.

#9 Msomi wa Bologna
@Mangi wa Mnadani Caravaggio hakuwa Mnapoli. Alizaliwa Milano 1571, akafika Napoli 1606 akikimbia baada ya kuua mtu Roma, akarudi tena 1609, akafia Porto Ercole 1610. Hakuacha picha ya bahari. Uhalisia wake na wa kina Ribera, Mhispania aliyechora Napoli, ni wa karne ya 17: watu wanatoka gizani, taa moja ya pembeni. Huu wa dada ni wa karne ya 19, mchoraji kakaa nje juani. Kuna zaidi ya miaka 200 katikati.

Dada, picha za mbele zinatosha. Geuza. Nataka kingo za kanvasi, misumari, na ile fremu ya mbao ya ndani. Nyuma ya picha ndiko kunakosema kweli, mbele mtu yeyote anaweza kuigiza.

#10 KIROBOTO
Mangi, bilioni zimeyeyuka kabla hata hazijaganda 😂

#11 Tope la Msimbazi
Nampinga Kalamu (#3), na sababu yangu iko kwenye picha yenyewe, sihitaji mgongo wake. Watu wa Posillipo walikuwa na desturi: msonobari mmoja pembeni unaoegemea ndani, gofu la jumba la kifalme, wanakijiji wamevaa nyekundu na bluu ili jicho lipate pa kutua. Hapa hakuna. Mtu kachora mchanga, maji, mbingu, basi. Watu wake hawana sura. Huo ni mkono wa Resina.

Kwa wasiojua, Resina ni mji ulio chini ya Vesuvio, mlima wa volkano wa Napoli, leo unaitwa Ercolano, jina lilibadilishwa 1969. Miaka ya 1863 na 1864 walikusanyika pale kina Marco De Gregorio, mzaliwa wa hapo hapo, Federico Rossano, na kijana wa Barletta, Giuseppe De Nittis, ambaye chuo cha sanaa cha Napoli kilikuwa kimemfukuza kwa utovu wa nidhamu akiwa hata miaka 18 hajafika. Akaongezeka Adriano Cecioni, mchongaji kutoka Florence. Domenico Morelli, aliyekuwa bwana mkubwa wa uchoraji pale mjini, akawakejeli kwa kuwaita Jamhuri ya Portici, kwa jina la mji jirani. Hawakutaka hadithi ndani ya picha, hawakutaka uchungu wala mapenzi. Ukiichungulia ya dada kwa dakika tano unaanza kusikia ukavu ule. Hakuna kinachotokea, na mchoraji hana wasiwasi kwamba hakuna kinachotokea.

#12 Kalamu Nyekundu
Tope umeandika vizuri, ila "hakuna msonobari" si ushahidi. Gigante ana kazi kibao zisizo na mti.

#13 Tope la Msimbazi
Gigante ana kazi kibao za rangi ya maji. Hapa tunaongelea mafuta.

#14 Kalamu Nyekundu
Ana za mafuta pia, na unajua.

#15 Nahodha Mstaafu
Wanangu hamjambo. Mimi wachoraji wa Kitaliana siwajui, lakini chombo nakijua, nimekwenda na majahazi Lamu hadi Mukalla. Nimetazama hiyo mashua iliyo majini.

Kwanza, aliyeichora amewahi kukaa ndani ya chombo au amewatazama sana wanaokaa. Foromali, ule mti unaobeba tanga, imelala pahala pake, haikusimama wima kama wachoraji wa mahotelini wanavyoisimamisha. Tanga limelalia mlingoti upande mmoja, limefanya mkunjo pale linapougusa. Mkunjo huo mtu wa bara haujui. Tanga lao ni pembe tatu kamili, letu la jahazi limekatwa kidogo mbele, lakini shughuli ni ile ile.

Pili, kuna jambo limenikera. Tanga limejaa upepo wa kutoka kushoto. Moshi wa mlima unakwenda kushoto. Chombo na mlima vina pepo mbili tofauti?

#16 Ninja wa Likoni
Mzee umewamaliza 👏👏 wote walikuwa wanaangalia mti.

#17 Msomi wa Bologna
Shikamoo Nahodha. Ule mlima ukiwa ni Vesuvio una zaidi ya mita 1,200, na huko juu upepo una njia zake. Alasiri huku upepo wa baharini huvuma chini chini kuelekea nchi kavu, juu yake hewa ikaenda kwingine. Inawezekana kabisa mchoraji aliona alichochora.

#18 Nahodha Mstaafu
Marahaba mwanangu. Pepo za juu na za chini nazijua tangu sijaota ndevu, mawingu kwetu huenda kinyume cha tanga kila musimu unapogeuka. Lakini pia inawezekana tanga limechorwa Jumatatu na moshi Alhamisi. Wewe umechagua jibu moja, mimi nimeyaacha yote mawili.

#19 Mpwani wa Wete
Naona hakuna aliyegusa ufuko. Picha ya kwanza, chini, kuna utepe mpana mweusi wa mchanga kati ya maji na zile mashua. Mimi mvuvi, ule ni mchanga uliolowa, maji yamekupwa. Ila nilivyosikia bahari ya huko haikupwi kama yetu. Sasa kama maji yamekupwa kiasi hicho, hapo si Italia. Hao wachoraji wa Tope si walihamia Ufaransa? Kule Normandi maji hutoka mbali sana.

#20 Tope la Msimbazi
Mpwani umenipa raha! De Nittis alihamia Paris, na 1874 alishiriki maonyesho ya kwanza ya kina Monet na Degas. Rossano naye aliishi Ufaransa miaka mingi. Lakini mlima unaofuka Normandi tutautoa wapi?

#21 Mzaramo wa Palermo
Mkikubali kwamba ni wingu, yote yanakaa sawa 😏

#22 Dada wa Vomero
@Mpwani wa Wete hoja nzuri, ila mimi niko huku. Mchanga wa Torre del Greco, Ercolano na kule Torre Annunziata ni mweusi hata ukiwa mkavu, ni mchanga wa volkano. Siku ya kwanza nilidhani meli imemwaga mafuta. Maji huku yanapanda na kushuka kidogo tu, nusu mita hayafiki. Kwa hiyo huo utepe ni mchanga wa kawaida wa hapa.

#23 Mpwani wa Wete
Mchanga mweusi mkavu? Haya. Lakini mbona karibu na mashua ni mweupe?

#24 Msomi wa Bologna
Hilo swali zuri na sina haraka nalo. Nasubiri mgongo wa picha.

#25 Mama Ntilie wa Kariakoo
Dada kwanza uisafishe! Kata kitunguu nusu, sugua taratibu, utaona rangi zinavyowaka. Bibi yetu alikuwa anasafishia picha za ukutani hivyo.

#26 Msomi wa Bologna
USISUGUE. Si kitunguu, si kiazi, si mkate, si mate. Najua vimetumika Ulaya karne na karne, na kazi yetu sisi mafundi wa kukarabati ni kuhangaika na walichokifanya. Maji ya kitunguu yanaingia kwenye nyufa za rangi, yanabaki humo. Vumbi kavu liondoe kwa brashi laini, na kama kuna kipande kimeinuka usiguse kabisa.

#27 KIROBOTO
Mama Ntilie, ongeza na nyanya mbili kabisa tupate mchuzi.

#28 Mama Ntilie wa Kariakoo
Wewe Kiroboto kadai chenji yako kwanza ndiyo uje kunicheka.

#29 Dada wa Vomero
Nimegeuza. Picha nne mpya. Fremu ya ndani ina vijibao vidogo vya pembe tatu kwenye kona, vinatikisika. Misumari ni midogo, ina kutu, hakuna pini za stepla. Kanvasi ni kahawia iliyokolea. Halafu kitu cha ajabu: kona ya juu kulia, kwa mbele, rangi imeinuka kidogo, na chini yake si kitambaa, ni karatasi. Karatasi imebandikwa juu ya kanvasi.

#30 Msomi wa Bologna
Dada, hapo sasa nimesimama.

Vile vijibao ni kabari, vinapigwa nyundo kidogo ili kanvasi ikaze. Kutu na kukosa stepla vinaonyesha tu kwamba haikutandikwa juzi, kwa sababu stepla zimezoeleka katikati ya karne ya 20. Mambo yako kwenye karatasi. Wachoraji waliotoka nje na rangi za mafuta walipenda karatasi iliyopakwa gundi: nyepesi, unabana kwenye kibao ndani ya kifuniko cha sanduku la rangi, unarudi nyumbani na tatu nne kwa siku. Pitloo alifanya hivyo, na wageni wengi waliopita Italia kuanzia mwishoni mwa karne ya 18. Baadaye mtu, mara nyingi mrithi au mfanyabiashara, anaibandika kwenye kanvasi ipate heshima ya kuning'inizwa.

Na hapo swali la saini la #1 linaanza kupata jibu. Zoezi la nje halikuwa bidhaa. Lilibaki karakana likimkumbusha mchoraji rangi ya saa fulani, akitaka kuchora picha kubwa ya kuuza anachungulia pale. Ile kubwa ndiyo ilisainiwa.

#31 Kalamu Nyekundu
Karatasi! Pitloo! Nilisema nini #3?

#32 Tope la Msimbazi
Ulisema Carelli na sanduku la mtalii. Karatasi ya mazoezi haiuzwi kwa mtalii, kwa hiyo nusu ya hoja yako imezama. Na mazoezi ya nje hayakuisha Pitloo alipokufa. Filippo Palizzi wa Vasto (1818–1899) maisha yake yote yalikuwa mazoezi ya nje, ng'ombe, mbuzi, nyasi, jua. De Nittis alichora Vesuvio kwenye vibao vidogo mfululizo mwanzoni mwa miaka ya 1870, na mlipuko wa Aprili 1872 ukamkuta kazini.

#33 Kalamu Nyekundu
Vibao. Umesema mwenyewe, vibao. Si karatasi.

#34 Ninja wa Likoni
Hawa wawili waoane.

#35 Mangi wa Mnadani
Niongee biashara kidogo maana mmenifukuza kwenye Caravaggio. Picha isiyo na saini ina ngazi zake mnadani. Juu kabisa mtaalamu anakubali ni ya fulani. Chini yake wanasema inadhaniwa ya fulani, kisha karakana yake, kisha watu wake, kisha mfuasi, na mwisho kabisa "shule ya Napoli, karne ya 19", ambapo wanauza fremu na bahari. Kila ngazi inakula bei. Bahari ndogo isiyo na jina huenda kwa mia chache za euro. Kwa hiyo yule wa 80 hakukutukana sana, alijiachia tu faida.

Jambo jingine: kutokuwa na saini kunanifanya niiamini zaidi. Mwizi angesaini. Kwetu kuna Edward Saidi Tingatinga, alianza kuchora 1968 akauawa kwa risasi 1972, miaka minne tu, lakini picha zenye jina lake sokoni haziishi. Marehemu anachora usiku.

#36 Mwanafunzi wa TaSUBa
Mangi hilo la Tingatinga lifungulie uzi wake, huko kuna watu wana machungu. Kule wanafunzi wake walikuwa ndugu na jamaa, suala la nani asaini nini ni refu.

#37 Msomi wa Bologna
Turudi mlimani. Dada, kilele kinachofuka kiko kushoto au kulia ya kile kingine?

#38 Dada wa Vomero
Kushoto. Na ndicho kirefu, kimechongoka. Cha kulia ni kama ukuta uliolala.

#39 Msomi wa Bologna
Basi kuna kazi. Vesuvio una sehemu mbili: koni inayofuka, na Monte Somma, ambayo ni ukingo wa mlima wa kale uliobaki kaskazini yake. Ukiwa Napoli mjini au Posillipo, Somma iko kushoto na koni kulia. Hata ukiwa Resina koni haikai kushoto. Ili koni ikae kushoto lazima uwe upande wa Castellammare na Sorrento, unatazama ghuba ya Napoli kutokea kusini.

#40 KIROBOTO
Au dada kapiga kwa kamera ya mbele, ile inayogeuza. Dada ulijipiga na Vesuvio?

#41 Dada wa Vomero
Nimeitoa ukutani nikaiweka mezani, naitazama kwa macho yangu mawili. Koni kushoto.

#42 Tope la Msimbazi
Resina hadi Castellammare si safari. Reli ya Napoli hadi Portici ilikuwepo tangu 1839, ya kwanza Italia nzima, na ikaendelea kurefushwa. Wachoraji walikuwa na miguu.

#43 Mwanafunzi wa TaSUBa
Kama ni upande wa Sorrento, mbona hakuna aliyemtaja Silvestr Shchedrin? Mrusi wa St Petersburg, alizaliwa 1791, akafa Sorrento 1830. Bahari tulivu, mashua, wavuvi wamekaa, hiyo ndiyo kazi yake. Mnatafuta Mtaliano wakati ghuba yote ilijaa wageni na masanduku ya rangi. Kama yeye aliyeanzisha Posillipo alikuwa Mholanzi, huyu wetu anashindwaje kuwa Mrusi au Mjerumani?

#44 Kalamu Nyekundu
Shchedrin mwanga wake umekolea zaidi, una dhahabu. Huu wa dada ni mkavu.

#45 Tope la Msimbazi
Asante kwa kusema "mkavu". Naihifadhi.

#46 Ninja wa Likoni
Urefu wa koni hausaidii kupata mwaka? Mlima unaolipuka si hubadilika umbo?

#47 Msomi wa Bologna
Unasaidia, kwa shida. Mlipuko wa 1906 uliikata koni zaidi ya mita 100, baada ya hapo ikaonekana fupi na butu karibu na Somma. Wa 1944 ndio wa mwisho, tangu hapo ule moshi wa kila siku haupo. Koni iliyochongoka na inayofuka inaelekea kabla ya 1906. Lakini mlipuko wa 1822 nao ulikata kilele, kikajijenga tena. Na mtu wa 1925 aliweza kunakili picha ya 1860, wachuuzi wa Napoli walifanya hivyo kila siku. Ndiyo maana napenda rangi kuliko umbo. Nyeupe ya titani imeingia kwenye rangi za wachoraji miaka ya 1920. Bluu ya ftalosianini 1935. Zikikutwa humo chini kabisa, si kwenye kiraka, mjadala wote huu tunaufunga na kwenda kulala. Kinyume chake, bluu ya ultramarini ya kiwandani ipo tangu 1828, kwa hiyo ikiwemo haituambii kitu kati ya Pitloo na De Nittis.

#48 Mama Ntilie wa Kariakoo
Kumbe na nyinyi mnapika. Mnataja viungo tu.

#49 Mangi wa Mnadani
Dada, una ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia? Kila duka la kutuma hela linayo. Zima taa za chumba, imulike picha. Vanishi ya zamani inang'aa kijani kijani, palipopakwa rangi baadaye panakuwa peusi. Hata mimi ambaye sijasoma Bologna najua.

#50 Msomi wa Bologna
Mangi yuko sahihi. Usiikaribishe sana, na usiitazame taa yenyewe.

#51 Dada wa Vomero
Nimeazima kwa kaka wa duka la kutuma hela. Picha yote inang'aa kijani, si sawa sawa, kuna michirizi. Isipokuwa chini kulia. Kuna kiraka cheusi, ukubwa wa kiberiti. Kwa mwanga wa kawaida pale ni mchanga tu, ule mweupe alioulizia Mpwani (#23). Nimeweka picha.

#52 KIROBOTO
SAINI IMEFUTWA. Chini kulia! Kila mtu anasaini chini kulia!

#53 Mangi wa Mnadani
Nilisema mwizi angesaini. Kuna mwizi wa aina ya pili: anafuta jina la mtu mdogo, anaiacha tupu, kisha anamnong'oneza mnunuzi jina la mtu mkubwa. Hapo hajaandika uongo popote.

#54 Msomi wa Bologna
Taratibu. Kiraka cheusi maana yake rangi ya baadaye iko juu ya vanishi, basi. Chini yake panaweza kuwa na tundu lililozibwa, karatasi iliyochanika wakati wa kubandika, doa la unyevu. Sehemu ya chini ya picha ndiyo inayoumia zaidi, maji ya kudekia, vyombo, watoto. Saini ni mojawapo tu, na si ya kwanza kwenye orodha yangu.

#55 Tope la Msimbazi
Ila ukubwa wa kiberiti na umbo la mstatili? Tundu halichaniki mstatili.

#56 Kalamu Nyekundu
Kwa mara ya kwanza leo nakubaliana na Tope, na sijisikii vizuri.

#57 Mzaramo wa Palermo
Leto alihamia Capri, akafia huko 1913. Kutoka Capri kuja Castellammare ni boti moja. Nawaachia hapo. Wingu nimelisamehe.

#58 Dada wa Vomero
Naulizia pia jambo la vitendo. Nikitaka kurudi nayo Tanga, naibeba tu kwenye begi?

#59 Msomi wa Bologna
Hapana. Kwa sheria ya Italia, kazi ya msanii aliyekwisha kufa na yenye zaidi ya miaka 70 haitoki kiholela. Tangu 2017, kama thamani haifiki euro 13,500 unajaza tamko na kulipeleka ofisi ya usafirishaji ya wizara ya utamaduni, wanaikagua. Ikizidi hapo unahitaji kibali chenyewe. Ukikamatwa nayo uwanja wa ndege bila karatasi, watakuona mwizi hata kama ulipewa. Waombe wale watoto wa marehemu wakuandikie kwamba walikupa.

Na kabla ya yote, askari wa Carabinieri wana kikosi cha urithi wa utamaduni tangu 1969, na hifadhidata ya kazi zilizoibwa. Kuna programu yao ya simu, iTPC, unapiga picha inalinganisha.

#60 Dada wa Vomero
Asante. Nimelinganisha, haikuleta inayofanana. Karatasi ya familia naiomba wiki hii.

#61 Nahodha Mstaafu
Wanangu, nimeitazama hiyo picha ya taa pamoja na ya mchana. Ile mashua ya kulia iliyopandishwa, omo yake, yaani upande wa mbele, imefungwa kamba. Kamba inakuja chini kulia, imenyooka, imekaza. Kamba iliyolegea hulala mchangani, hii haikulala. Inaingia kwenye hicho kiraka chenu na haitoki upande wa pili. Chombo cha nchi kavu hakikazi kamba chenyewe. Palikuwa na mti wa kufungia pale, au palikuwa na mtu anavuta.

#62 Ninja wa Likoni
Mzee! Yaani kafutwa mtu?

#63 KIROBOTO
Au saini ilifungwa kamba isikimbie.

#64 Tope la Msimbazi
Kama ni mtu, hoja yangu ya "hakuna kinachotokea" inapata mvuvi anayetoka jasho 😂 Lakini kwa nini afutwe?

#65 Mwanafunzi wa TaSUBa
Labda alichorwa vibaya na mchoraji mwenyewe akamfunika baada ya miaka. Wanafanya sana.

#66 Kalamu Nyekundu
Juu ya vanishi? Mchoraji mwenyewe angefunika kabla ya vanishi.

#67 Mangi wa Mnadani
Si lazima. Karakana zilikuwa zikipitisha vanishi nyepesi za muda, rangi ikirudiwa juu yake.

#68 Msomi wa Bologna
Picha ya infraredi, inayopigwa kwa miale isiyoonekana kwa macho, inaweza kuonyesha michoro ya penseli au ya rangi nyeusi iliyo chini ya kiraka. Mtu, mti wa kufungia, au herufi. Dada, mpelekee fundi mwenye kamera hiyo, na mwambie asisafishe kitu, apige tu.

#69 Dada wa Vomero
Mwalimu wa ghorofa ya chini anamjua mmoja, tunaenda naye Jumanne. Nimemwonyesha kamba ya Nahodha, amekaa kimya muda, halafu akaniuliza huyo mzee amesomea chuo gani.

#70 Mangi wa Mnadani
Dada uliza bei ya kupiga hiyo infraredi kabla hujavua koti. Na yule wa euro 80 usimwambie.